Mguu wa Askari Hauumi

Tangu Sajini astaafu jeshi, buti zake hazikuwahi kulala na vumbi. Kila jioni, akirudi kazini, aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akatandika gazeti la zamani, akachovya kitambaa kwenye kopo la rangi nyeusi, kisha akasugua taratibu, kwa miduara midogomidogo, mpaka ncha za buti zikamrudishia sura yake. Mkewe, ambaye ulimi wake haukuwahi kuota kutu, aliwaambia majirani kwamba yeye ameolewa ukewenza. "Wenzangu wawili ni weusi tititi na wanapakwa mafuta kila siku. Mimi kopo moja nalisubiri mwaka mzima."

Sajini alicheka pamoja nao. Kicheko kilimfaa, kwa sababu miezi ile mitatu alizihangaikia buti kuliko zamani, na hakupenda aulizwe kwa nini. Chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kulikuwa na kidonda. Kilianza kama lengelenge lenye ukubwa wa punje ya hindi. Sasa kilikuwa kama kifuniko cha soda, chenye kingo nyeupe na kiini chekundu. Kila alfajiri alijifungia bafuni, akakiosha kwa spiriti, akakiziba kwa pamba, akanyunyiza poda ya watoto ndani ya soksi, na kuikaza kamba ya buti hadi juu. Mtu akiona kiatu kinang'aa, aliwaza, haulizi habari za mguu.

Si kwamba hakujua. Miaka miwili nyuma daktari wa kampuni alimpima damu, akamwambia ana kisukari, akamwandikia barua ya kwenda kwenye zahanati ya wanajeshi wastaafu, inayofunguliwa kila Jumatano asubuhi, ambako angepewa dawa na miguu yake ingekaguliwa. Sajini aliikunja barua mara nne na kuificha nyuma ya fremu ya cheti kilichotundikwa sebuleni. Nyumbani alitangaza tu kwamba kuanzia siku hiyo anakunywa chai kavu isiyo na sukari. "Jeshini hatukubembelezwa," alisema, na mkewe akaamini, kwa kuwa mambo mengi katika nyumba ile yalielezwa kwa neno hilo.

Kazi yake ilikuwa kwenye mizani ya malori, katika ghala la saruji. Lori lilipanda juu ya bamba la chuma likiwa tupu, akaandika uzito. Likarudi limepakia, akaandika tena. Kila mara kabla ya kuandika alipaswa kulizunguka lori zima, kuhakikisha kila gurudumu limekaa ndani ya mstari, maana dereva mjanja huacha tairi moja nje. Malori arobaini kwa siku, mizunguko themanini. Zamani aliyazunguka kama mtu anayekagua gwaride. Sasa madereva walianza kuona.

"Sajini," dereva mmoja waliyemwita Kipara alimpigia kelele kutoka dirishani, "leo unatembea kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto!"

"Teremka wewe kwanza na tumbo lako, mizani inalia!"

Madereva wakaangua kicheko. Sajini akazunguka upande wa pili wa lori, ambako hakuna aliyemwona, akaegemeza paji la uso kwenye turubai na kuhesabu hadi ishirini.

Kilichomfichua ni soksi. Siku moja aliisahau kwenye ndoo, na mkewe alipoimwagia maji yakageuka rangi ya chai. Alimkuta mumewe kwenye kigoda, akaiweka soksi ile juu ya gazeti, katikati ya buti mbili, wala hakusema neno. Ukimya wake ulikuwa mgeni katika nyumba hiyo, na Sajini aliuogopa.

"Mkwaruzo tu," alisema.

"Vua."

"Mama watoto, nimekwambia ni mkwaruzo."

"Nimezaa na wewe watoto watatu, leo ndiyo unanificha kidole?"

Alipovua, mkewe alijifunika pua kwa ukingo wa kanga kabla hajajizuia, kisha akautoa haraka kwa aibu. Lakini Sajini alikuwa ameshaona. Zaidi ya hapo, naye alikuwa amenusa. Kwa wiki mbili alikuwa akijidanganya kwamba ni jasho, kwamba ni ngozi ya buti, kwamba ni saruji iliyolowa. Pale nje, kwenye hewa safi, haikuwezekana tena. Harufu hiyo aliijua. Alikuwa ameinusa mara moja tu maishani, miaka ishirini na sita iliyopita, ikitoka kwenye buti ya mtu mwingine.

"Kesho ni Jumatano," mkewe alisema. "Utakwenda zahanati ya wenzako."

"Siendi kupanga foleni na wategaji."

Hilo ndilo neno la kambini kwa askari anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi, na Sajini alikuwa amelitumia maisha yake yote. Mkewe alimtazama, akautazama mguu, akasema kwa sauti ya chini, "Basi tega, baba. Tega nikuone uzima. Mtegaji aliye hai ananifaa kuliko shujaa wa kuzikwa."

Jibu la kweli hakuwahi kumpa mtu yeyote.

Ukweli ni kwamba aliwahi kufika kwenye zahanati ile. Ilikuwa wiki ileile aliyopewa barua. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, akashika bahasha mkononi, akafika mpaka getini. Ndani, chini ya paa la mabati, wazee walikaa kwenye mabenchi, na mbele yao kulikuwa na meza na daftari kubwa. Aliyekuwa akiandika majina alikuwa ameinama, na huku akiandika alipiga mluzi mwembamba kupitia pengo la meno ya mbele. Sajini hakuhitaji kuuona uso. Aligeuka palepale, akarudi nyumbani, akaikunja barua mara nne.

Mpiga mluzi yule, kambini walimwita Kinanda.

Wakati huo kikosi chao kilikuwa mpakani, msimu wa mvua, na Sajini alikuwa kiongozi wa askari kumi na wawili. Kila asubuhi, kabla ya chai, wanaoumwa walisimama pembeni ya mlingoti wa bendera. Hiyo ndiyo iliyokuwa paredi ya wagonjwa. Kiongozi alikuja na daftari. Uliyeandikwa ulikwenda kwa mganga, na usiyeandikwa ulikwenda kazini. Kwa siku arobaini mfululizo Sajini alikuwa hajaandika jina hata moja. Kila siku alichora sifuri, akaipigia mistari miwili chini, na kapteni akaisifu mbele ya vikosi vingine. Sifuri zile zilimlewesha kuliko pombe.

Siku ya arobaini na moja Kinanda alisimama kwenye mlingoti, peke yake.

"Afande, mguu."

"Mguu umefanya nini?"

"Unauma, afande. Naomba uangalie tu. Kuangalia tu, afande."

Sajini hakuinamisha hata shingo. Wenzao walikuwa wanatazama, na ulimi wake ukampatia maneno matamu, yale maneno ambayo mtu huyasema mara moja akayajutia mpaka kaburini. "Mguu wa askari hauumi," alisema. "Na askari haangaliwi mguu. Anaangaliwa mwendo." Wakacheka wote. Hata Kinanda alitabasamu, kwa sababu aliyechekwa na wenzake kumi na mmoja atafanya nini kingine? Sajini akachora sifuri.

Siku tatu walitembea kwenye matope. Siku ya tatu Kinanda aliacha kupiga mluzi. Walipomlaza chini ili wamvue, buti haikutoka. Ilibidi ichanwe kwa kisu, na ndipo Sajini aliponusa harufu ile. Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti.

Laiti yangeishia hapo. Baadaye lilikaa jopo la maofisa, wakamwuliza Sajini kama askari huyo alitoa taarifa ya ugonjwa. Daftari lilikuwa mezani. Lilionyesha sifuri. Akasema, "Hakutoa taarifa, afande." Kwa maneno hayo matatu Kinanda akawa askari aliyejiumiza kwa uzembe, na ilimchukua miaka saba ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi kupata kadi ya majeruhi wa kazini, ambayo bila yake hapewi mguu wa bandia wala dawa ya maumivu. Sajini yeye alipewa cheti cha uongozi bora, kwa kikosi kisichokuwa na wagonjwa. Ndicho hicho kilichotundikwa sebuleni, ambacho mkewe alikipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa chenye maji.

Kwa hiyo kilichomzuia si majivuno peke yake, ingawa yalikuwepo. Ili atibiwe, alipaswa kusimama mbele ya mtu yule, kati ya watu wote wa dunia hii, na kumwambia kwamba mguu unauma. Na mguu wa askari ukiuma sasa, basi uliuma na wakati ule.

Asubuhi mkewe hakumwuliza kama anakwenda. Alivaa viatu vya kutokea, akachukua mkoba, akasimama mlangoni. Sajini alivaa buti. Alizing'arisha kwanza, zote mbili, huku jasho likimtiririka, na mkewe alimwacha, kama anavyoachwa mtu aliye kwenye sala.

Walipofika getini mluzi ulikuwa unasikika. Sajini akasimama.

"Nini tena?"

"Yule anayeandika," alisema. "Yule mimi nilimkata mguu."

"Wewe tangu lini ukawa daktari?"

"Sikumwandika. Aliniomba niangalie, nikakataa. Halafu nikasema hakuniambia."

"Cheti kile," mkewe alisema.

"Cheti kile."

"Na mimi nakipangusa." Akatikisa kichwa. Kisha akamshika kiwiko, si kwa upole sana. "Twende. Deni la mdomo hulipwa kwa mdomo."

Foleni ilikuwa ya watu tisa. Mzee aliyekuwa mbele yao aligeuka kuwaelimisha, kama wafanyavyo wazoefu wa kila foleni. "Wageni? Basi sikilizeni. Mezani pale usiseme 'sijambo', utafokewa. Na ukisema mguu, unavua kiatu palepale. Yule bwana haamini midomo ya askari. Anasema sisi tutajibu 'niko imara' hata tukiwa kwenye jeneza."

Kweli, pembeni ya meza kulikuwa na kibao kifupi cha kukalia na beseni la plastiki. Mtu wa mbele alifika.

"Unaumwa nini?"

"Aa, niko safi kabisa. Nimefuata vidonge vya mgongo tu."

"Uko safi, vidonge vya nini? Vya kukuchafua?" Benchi zima likacheka. "Tangu lini huo mgongo?"

"Tangu... mwaka jana."

"Ndiyo ukae chini useme mwaka jana. Haya."

Foleni ikasogea. Zamu ya Sajini ikafika, na alipoulizwa jina mwili wake ukafanya ulichozoea bila kumshauri: visigino vikagongana, kifua kikatoka, na kinywa kikataja namba yake ya jeshi, cheo, jina. Maumivu ya kugonganisha visigino yalipanda hadi kwenye meno.

Mluzi ukakatika.

Kinanda aliinua macho. Nywele zilikuwa zimeota mvi, mashavu yamebonyea, lakini pengo lilikuwa lilelile. Alimwangalia Sajini kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akaiachia.

"Afande," alisema. Hakuna chuki iliyosikika humo, wala salamu. "Unaumwa nini?"

Njia nzima Sajini alikuwa amejiandaa. Hata hivyo kilichotoka ni kilekile cha kila siku. "Mkwaruzo tu."

"Mkwaruzo uko wapi?"

"Mguuni."

"Vua kiatu."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa," Kinanda alisema taratibu. "Hapa askari haangaliwi mwendo. Anaangaliwa mguu."

Sajini aliketi kwenye kibao. Kamba zilimshinda; mkewe akapiga goti akamfungulia. Soksi ilipotoka, wazee waliokuwa wakinong'ona kwenye benchi walisogea nyuma. Kinanda alisukuma kiti nyuma, akaunyoosha mguu wake wa bandia, akainama kwa shida, akishikilia ukingo wa meza. Akaangalia. Aliangalia juu, akaangalia chini, akainamisha kichwa aone katikati ya vidole. Aliangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba Sajini alitamani atukanwe. Tusi angeweza kulibeba. Macho yale yaliyokuwa yakikagua kidonda chake bila haraka, kama kwamba hakuna kingine cha maana asubuhi ile, yalimchoma kuliko spiriti.

"Unauma?"

"Unauma," alisema Sajini.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Kinanda akarudi kitini, akaandika. Aliandika kwa herufi kubwa na safi: jina, mguu wa kushoto, kidonda, miezi mitatu, maumivu ndiyo. Kisha akamwita muuguzi. "Huyu asipange foleni."

"Cheo kinabebwa mpaka huku!" mtu alilalamika nyuma.

"Si cheo, mzee," Kinanda alijibu bila kugeuka. "Ni harufu."

Wiki hiyo hiyo Sajini alilazwa, akakatwa vidole viwili. Daktari, mwanamke mwenye umri wa binti yake, alimweleza kwamba wiki mbili zaidi zingeuchukua mguu wote, na akamwuliza kwa nini alichelewa hivyo ilhali barua alipewa mapema. "Kuna mtu nilimwogopa," alisema Sajini, na daktari akaandika jambo lingine, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo.

Kitandani alipata muda wa kupima mambo, yeye aliyezoea kupima malori ya wengine. Yeye alidanganya miezi mitatu na kupoteza vidole viwili. Mwenzake alisema kweli siku ya kwanza na kupoteza mguu. Alilizunguka jambo hilo pande zote, na kila mara aliikuta tairi moja nje ya mstari. Aliporudi nyumbani alikishusha cheti ukutani. Barua ikaanguka, na mahali pa cheti pakabaki mraba wa rangi mpya kuliko ukuta wote. Mkewe alimkuta amekishika.

"Kirudishe," alimwambia.

"Nilidhani hutaki kukiona."

"Mimi sikipangusi tena. Lakini ukikitoa utasahau. Kirudishe, ukipanguse wewe."

Akakirudisha.

Jumatano ya nne ya kufungwa bendeji alichelewa kwa makusudi. Mchana ulikuwa umefika, mabenchi yalikuwa matupu, na Kinanda alikuwa akifuta meza. Kwa wiki tatu zilizotangulia walikuwa wamesemezana kama watu wa foleni tu: jina, tarehe, inayofuata. Sajini alibaki amesimama.

"Nilikuja kusema samahani," alisema. "Kwa lile la mlingoti. Na kwa lile la jopo, ambalo ni baya zaidi."

Kinanda alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya daftari.

"Afande, samahani hiyo niliisubiri miaka kumi ya kwanza. Nilikuwa nikisikia mtu anabisha hodi, nasema, ndiye huyo. Baadaye nikachoka kuibeba, nikaitua. Leo unaniletea, sina pa kuiweka."

"Sikuombi uiweke popote."

"Basi unataka nini?"

Sajini aliketi kwenye kile kibao kifupi, kwa sababu mguu ulimlemea na kwa sababu hakujua pengine pa kuketi. "Uliniomba niangalie tu," alisema. "Sikuangalia. Naomba niuone."

Kinanda alitazama mlango, akatazama mabenchi matupu. Ilionekana atakataa, na alikuwa na haki. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake, akakunja suruali hadi juu ya goti. Akafungua mkanda wa kwanza, akafungua wa pili, akautoa mguu wa bandia na kuuegemeza kwenye mguu wa meza. Akavua soksi nene ya pamba.

Sajini aliangalia. Ngozi ilikuwa laini na yenye kung'aa, kama ya mtoto, na kovu lilipita katikati kama mshono wa gunia. Upande mmoja kulikuwa na sugu nyeusi, mahali plastiki iliposugua miaka yote. Macho yake yalitaka kukimbilia kwenye daftari, kwenye beseni, kwenye kitu chochote kile. Aliyazuia.

"Huwa unauma?"

"Huu, mvua ikinyesha. Ule usiokuwepo ndio unauma zaidi. Vidole. Mpaka leo nasikia buti inabana."

Sajini aliendelea kuangalia, akainama na kuutazama upande wa pili, jinsi alivyotazamwa yeye.

"Umeona?" Kinanda aliuliza.

"Nimeona."

"Haya." Akavaa soksi, akavaa mguu, akakaza mkanda wa pili, kisha wa kwanza. Alichukua kalamu. "Jumatano ijayo. Njoo mapema kama wenzako, na uvae kandambili. Buti ziache nyumbani."

Sajini aliinuka, akaondoka polepole kwa fimbo. Alipofika getini alisimama kidogo, akategea sikio mluzi uanze. Haukuanza. Akaenda zake.